Pijo ya Kilonzo: Bati la Nyuma ya Kiti

Tulimwacha Khamisa amechutama nyuma ya pikapu, bati mkononi, na Bwana Nzuki anabisha hodi getini. Najua mlinisema vibaya juma zima kwa kukatiza pale, na mna haki. Basi rudini nami gereji, mwingie taratibu, maana mwenye gari amekuja kabla ya siku aliyosema na mle ndani hakuna aliyekuwa tayari kumwona.

Aliyekosa gazeti nitamweleza kwa haraka. Khamisa binti Salim ndiye mwenye gereji ile ya Majengo, Kitui mjini, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Baba alikuwa fundi wa rangi, na binti ni fundi wa rangi na bodi, jambo ambalo bado linawafanya watu wapunguze mwendo wakipita. Bwana Nzuki, tajiri wa Kibwezi, mtu mrefu asiyecheka, alimletea pikapu kuukuu ya Pijo 403 na kumtaka airudishe ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Hakutaka ipakwe tu ing'are. Alitaka orijino mpaka kichwa cha skrubu, na sharti lake lilikuwa kwamba kila chuma kitakachotolewa, hata kiwe kimeoza, arudishiwe ndani ya gunia.

Khamisa aliivua rangi tabaka kwa tabaka. Nyeupe ilipotoka akakuta kijani. Kijani ilipotoka akakuta maandishi mlangoni: DUKA LA KILONZO, MATILIKU. Na mtu mzima gani wa Ukambani hamjui Kilonzo? Ndiye yule mfanyabiashara aliyepotea na pikapu yake mwaka wa sitini na tisa, ikasemwa kwamba amevuka Tanzania na mwanamke mwingine. Mkewe, Mumbua, bado yuko Matiliku. Khamisa alikwenda kumwona, akajifanya anatafuta spea za zamani, akamkuta mwanamke ambaye majirani humwita "yule aliyekimbiwa". Ukoo wa mume umemega shamba lake, kwa kuwa mke mwema hakimbiwi. Si mke, si mjane, na nywele zimekuwa nyeupe akingoja kujua yeye ni nani.

Jibu la Mumbua lilikuwa ndilo hilo bati. Lilitoka nyuma ya kiti cha dereva. Upande wa nje lilikuwa laini kwa fila, ule uji mzito wa kusawazishia bodi, na chini yake palikuwa na matundu matatu yaliyozibwa kwa shaba. Upande wa ndani, uliofichwa na kiti, hakuna aliyejisumbua kuusawazisha. Kingo za matundu zilikuwa zimebinuka kuelekea mahali dereva anapoegemeza mgongo. Mtu alimpiga Kilonzo risasi kutoka nyuma.

Na gari hilo lilikuwa la Nzuki, lilitoka Kibwezi kwa Nzuki, na Nzuki ndiye aliyetaka lifanywe jipya lisibaki na alama. Khamisa si mjinga. Alijiapia kwamba bati lile litafika mikononi mwa Mumbua hata kama yeye mwenyewe hatafika. Kuapa ni rahisi mtu akiwa peke yake.

Sasa Nzuki alikuwa getini.

Karibu na Khamisa palikuwa na pipa la maji ya msasa, maji yaliyogeuka uji kwa vumbi la rangi. Alilitumbukiza bati humo polepole ili lisigonge, akainuka akijipangusa mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni.

Musembi, mchomeaji wake, alikuwa amesimama kando ya mitungi ya gesi na aliona kila kitu. Huyu Musembi ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi na Salim tangu Khamisa hajaanza shule. Alimtazama Khamisa, akatikisa kichwa kidogo tu, kumwambia atulie. Kisha akaenda kufungua geti.

Nzuki aliingia bila haraka. Alisalimia, akakataa kiti, akaanza kuizunguka pikapu. Alifungua mlango na kuufunga, akasikiliza unavyoshika. Akainua boneti akatazama nyaya zilizovishwa kitambaa, kama zilivyovishwa enzi zile, na akapitisha kidole kwenye kijivu ile mpya. Akauliza rangi hiyo ilipatikanaje. Khamisa alimjibu kwamba chini ya dashibodi, mahali ambapo bomba la rangi halifiki, huwa inabaki ile ya kiwandani, na hapo ndipo alipopatia kipimo chake.

"Baba yako alikufunza vizuri," Nzuki akasema.

Khamisa hakupenda baba yake atajwe na kinywa kile. Alitabasamu hata hivyo, na tabasamu lilimuuma mashavu.

"Sasa gunia yangu."

Mjuavyo, mteja wa kwetu lazima adai vyuma vyake vya zamani, ajue hakubadilishiwa kitu. Lakini hupiga jicho mara moja, akaridhika, akaenda zake. Nzuki alimwaga gunia zima chini, akachutama na suruali yake nzuri, akaanza kuchambua kipande kimoja kimoja kama mama achaguaye maharagwe. Vitasa huku, bawaba kule, mabaki ya sakafu peke yake. Alikuwa anatafuta kitu anachokijua. Khamisa alisimama akimtazama kisogo, na vumbi la msasa lilikuwa bado limemganda viganjani.

"Bati ya nyuma ya kiti haiko."

Khamisa akasema lilikuwa limeoza, lilimeguka lilipokuwa linakatwa. Nzuki akajibu kwa utulivu kwamba basi vipande vilivyomeguka navyo vilipaswa kuwa guniani, walikubaliana hivyo. Akangoja. Hakuinua sauti, hakumgeukia, na hilo ndilo lililomtisha Khamisa zaidi.

"Ni mimi, mzee," Musembi akasema kutoka kwenye mitungi. "Nilipea wale watu wa jiko huko soko. Niliona ni takataka tu. Unisamehe."

Nzuki alirudisha vyuma guniani. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akasema vizuri, waende wakawaone hao watu wa jiko. Musembi akavua glavu zake haraka, tayari kufuatana naye.

"Wewe baki," Nzuki akamwambia. "Nataka mwenye gereji. Na twende na hii Pijo, nisikie vile inatembea."

Nani angekataa, wasomaji wangu? Gari lake, ufunguo wake, na njia ya sokoni imejaa watu. Khamisa alipofungua mlango, Musembi alisogea akajifanya anakagua bawaba, akamnong'oneza.

"Usimwambie kitu, mwana wa Salim. Hata akikushikia kisu. Hiyo kitu niachie, nitaimaliza."

Khamisa alimshukuru Mungu kwa kuwa na mzee yule. Akaingia, akafunga mlango.

Injini ilishika mara ya kwanza. Siku nyingine angefurahi, angesikiliza vali zinavyocheza, angejisifu kidogo. Siku ile aliketi ameikunja mikono mapajani, akikwepa kutazama upande wa dereva, kwa sababu nyuma ya mgongo wa Nzuki palikuwa na bati jipya alilolifua yeye kwa nyundo yake, laini, bila tundu, bila habari. Kwa mara ya kwanza alielewa alichokuwa analipwa kufanya. Kazi yake nzuri ilikuwa imemfuta Kilonzo.

Wakafika kwa watengeneza majiko. Nyundo zilikuwa zinalia, majiko mapya yamepangwa kando ya njia. Nzuki hakupunguza mwendo.

"Umewapita," Khamisa akasema.

"Najua."

Wakaliacha soko. Wakayaacha maduka ya mwisho. Nzuki akashika barabara ya vumbi ya kuelekea Mutomo, ile ambayo mtu akiifuata mpaka mwisho hutokea Kibwezi. Khamisa alitupa jicho kwenye kitasa cha mlango. Alikuwa amekifunga yeye, akakikaza kama kiwandani, na alijua kwamba kinataka kuvutwa kwa nguvu kabla hakijaachia. Kabla hajamaliza kuvuta, mtu huyu angekuwa ameshamkamata mkono. Na kama angeachiwa, angeangukia mawe kwa mwendo ule. Alianza kusoma dua moyoni, akajikuta anarudia mstari mmoja tu, mingine imemtoka.

Aliogopa, na sitamficha. Alimwogopa Nzuki, aliogopa vichaka, aliogopa hata ukimya wa mtu yule. Aliwaza kwamba Kilonzo naye huenda alikuwa anaendesha hivi hivi, anawaza bei ya sukari.

Walipofika kwenye mto wa mchanga, Nzuki aliteremka mpaka ukingoni akasimamisha gari. Mbali kule chini wanawake walikuwa wanachota maji kwenye mashimo, punda wamesimama kando. Kama angepiga kelele, wangesikia. Kama wangekuja kwa wakati, hilo lilikuwa jambo lingine.

Nzuki akazima injini. Akachomoa ufunguo, akaunyoosha mbele ya uso wa Khamisa.

"Shika."

Khamisa hakuelewa.

"Shika ufunguo. Ukitaka kwenda, enda nayo. Mimi nitatembea. Nataka tu usiwe na hofu, ndio uniambie ukweli."

Akaupokea. Ulikuwa na joto la mkono wake.

"Mumbua wa Matiliku ni dada yangu," Nzuki akasema. "Tumbo moja."

Hapo ndipo yule mtu asiyecheka alipoanza kusema, na alisema akitazama usukani. Alisema pikapu hii hakuirithi wala hakuiba. Aliikuta Kibwezi, kwenye ghala la mchuuzi mmoja wa vyuma aliyefariki, siku watoto wa marehemu walipokuwa wanauza kila kitu. Ilikuwa nyeupe, imefunikwa magunia ya katani. Asingeitambua, ila aliinama akaona kipande cha mbao kimefungwa kwenye pedali ya klachi. Kilonzo alikuwa mfupi. Mbao ile Nzuki ndiye aliyemchongea.

Alienda kwa wenye mamlaka, wakamwambia amenunua gari, akaliendeshe. Akarudi nyumbani akafikiri. Ilikuwa wazi kwamba gari limepakwa rangi juu ya rangi na mtu anayeficha. Akipeleka kwa fundi wa kawaida, naye atapaka juu. Alihitaji fundi wa kuivua yote mpaka chuma kibaki uchi, afungue hata pale ambapo hakuna anayefungua, na kila kinachotoka akione kwa macho yake.

"Ndio maana nikasema orijino," akasema. "Mimi mambo ya gari kung'ara sijui. Nilitaka ifunguliwe."

Khamisa akamuuliza kwa nini basi hakumwambia. Miezi yote hii, kwa nini alikuja kama jambazi na kuondoka kama jambazi?

"Kwa sababu ya ile kijani." Sasa alimtazama. "Nilikwaruza kidogo na kucha kule Kibwezi, nikaiona. Hiyo kijani naijua. Mwaka ule ilikuwa kwa milango ya maduka yote ya Majengo, na ilikuwa ya Salim peke yake. Hii gari ilipakwa kwenu, mwaitu, ndio nikaileta kwako nione kama utaficha kitu. Kwa hivyo nimekuwa nikikuogopa wewe. Chai yako sijawahi kunywa hata siku moja."

Kweli hakuwahi, na sasa anamwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Khamisa alidhani ni kiburi cha pesa.

Sasa mimi na wewe tungeshaamini, maana tumekaa starehe tukisoma. Khamisa alikuwa kichakani na mwanamume mwenye nguvu kumzidi, na muuaji naye anaweza kutunga hadithi ya dada. Akamwambia kila mtu anaweza kujiita ndugu. Akamuuliza, kama kweli wewe ni shemeji wa Kilonzo, chini ya kiti cha dereva kulikuwa na nini?

Nzuki alifikiri kwa muda mrefu, mpaka Khamisa akaanza kuukaza ufunguo mkononi.

"Springi ilikuwa inamchoma," hatimaye akasema. "Dada akamfumia kitu ya katani ya kukalia, duara, kama kitako ya kiondo. Nyekundu na nyeusi. Kuna mahali alikosea mzunguko, nyekundu ikaingia kwa nyeusi, na akakataa kufumua. Kilonzo alikuwa anamcheka sana kwa hiyo."

Khamisa alikuwa amekikuta kitako kile chini ya ngozi ya kiti, kimelaliwa na panya. Alikiosha, akakianika nyumbani kwake nyuma ya pazia, na hakumwambia mtu yeyote duniani. Aliuona mzunguko ule uliokosewa kila jioni alipokigeuza. Machozi yakamtoka kabla hajajua kwamba anaamini.

Akamwambia yote. Akamwambia juu ya matundu, na kingo zilivyobinuka, na kwamba bati halijaoza wala halijaenda kwa mtu wa jiko, limo ndani ya pipa la maji pale pale gereji. Nzuki alisikiliza amefumba macho.

"Kutoka nyuma," akasema.

"Kutoka nyuma."

"Kwa hivyo hakukimbia." Alisema hivyo mara mbili, ya pili kwa Kikamba, si kwa Khamisa. Kisha akasema anataka bati lile leo, alipeleke Matiliku, aliweke mbele ya wazee wa ukoo waliomega shamba la dada yake, waingize vidole vyao kwenye matundu mmoja mmoja. Halafu wamwite Mumbua mjane, mbele ya watu.

Khamisa akasema watalipeleka pamoja. Na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi pumzi yake inafika chini.

Nzuki akauliza jambo moja zaidi, la kawaida tu, kama mtu anayepanga mambo yake. Aliyepiga risasi huenda asijulikane. Lakini aliyeziba, je? Kuziba ni ufundi. Fundi anaweza kumtambua fundi mwenzake?

"Kuziba ni kwa shaba," Khamisa akaanza kumweleza, "na shaba yenyewe haikuwa ya dukani, ilikuwa na wekundu..."



Shaba ya dukani ni ya njano. Mafundi wote wa Kitui huitumia hiyo. Yuko mmoja tu ambaye hakuwahi kuipenda, anayesema haitambai vizuri kwenye bati jembamba. Huyo huzunguka vijijini akinunua bangili za shaba za zamani kwa akina nyanya, zile ambazo wajukuu wamekataa kuzivaa, akazinyoosha kuwa waya na kuchomelea hizo. Zikipoa huwa na wekundu. Khamisa amezishuhudia tangu utoto, zimening'inia kwenye msumari juu ya mitungi ya gesi. Alilitazama bati lile asubuhi nzima na hakuona, kwa sababu alikuwa ameshaamua muuaji ni nani.

Salim alikuwa mtu wa rangi. Hakuwahi kushika moto maishani mwake.

Hiyo kitu niachie, nitaimaliza.

"Rudi," Khamisa akasema, na ufunguo ukamponyoka, ukaangukia sakafuni. "Tumemwacha nalo. Tumemwacha peke yake nalo."

Nzuki hakuuliza nani. Aliuokota ufunguo, akageuza gari ukingoni, mchanga ukaruka, wakarudi kwa mwendo ambao injini mpya haipaswi kukimbizwa. Hata katika hofu ile fundi ni fundi, na Khamisa alizionea huruma pistoni zake. Njiani alieleza kwa maneno yaliyokatikakatika. Nzuki akasema ataingia amkamate. Khamisa akakataa. Lile bati ni jembamba, moto wa gesi utalila mtu akitazama. Wakivunja geti, Musembi atakuwa amemaliza kabla hawajavuka kizingiti. Lazima aingie yeye tu, binti wa Salim, kwa upole, aseme naye kama siku zote.

"Na kama ndiye aliua?" Nzuki akauliza.

Khamisa akamwambia aongeze mwendo tu.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nzuki akabaki pale. Khamisa akazunguka uani kwa jirani, akapita kwenye kamba za nguo, akausukuma mlango mdogo wa bati ulio nyuma ya gereji. Kabla hajaona chochote alisikia gesi inavyofoka.

Musembi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso, moto umewaka mkononi. Bati liko mbele yake juu ya matofali, bado linatoa mvuke wa maji ya pipa. Tundu moja lilikuwa limeshayeyuka na kugeuka shimo kubwa lisilo na umbo. Mawili yalikuwa yamebaki.

"Nilijua utapitia hapo," akasema bila kugeuka. "Ukiwa mdogo ulikuwa unapita hapo, ukitoroka madrasa."

"Zima gesi, Baba Musembi."

Hakuzima. Khamisa alisogea hatua moja, akaona kwamba mzee yule analia, na hilo lilimtia hofu kuliko kama angemkuta ameshika panga. Akamuuliza kama ni yeye aliyeyaziba matundu.

"Ni mimi."

"Na uliyempiga mtu ni wewe?"

Musembi akainua uso. "Mimi sijawahi kushika bunduki. Mimi nilipewa bati niambiwe ziba, nikaziba. Yule alileta hii gari hapa, na damu kwa kiti, ni baba yako."

Khamisa akasema ni uongo. Aliusikia ulimi wake ukisema hivyo, dhaifu.

Musembi hakubishana naye. Alisimulia kwa sauti ya chini, kama anavyosoma matangazo ya kanisa. Salim aliingia nayo alfajiri, yeye mwenyewe kwenye usukani. Akatoa ndoo, akaosha kiti kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Akachagua kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwa nyingi. Gari likakaa siku chache, likachukuliwa, na tangu hapo hawakulitaja tena mpaka mauti yalipomkuta.

"Kama ni yeye alipiga, sijui. Kama kuna mtu alimtuma, sijui. Sikuuliza, Khamisa. Nilikuwa na watoto na hii ilikuwa kazi. Wakati huyu mzee alileta hiyo gari hapa tena, nilitaka kufa. Nimekuwa nikiomba usifike kwa hiyo bati."

Nje geti likagongwa, mara mbili, kwa adabu.

"Mwaitu Khamisa," Nzuki akaita. "Iko?"

Musembi akausogeza moto kando kidogo, usiguse bati. Akamtazama Khamisa kwa macho mekundu.

"Sema tu," akanong'ona. "Ukimwambia iko, mimi naenda kufungua gate saa hii, nifungwe, niwache hii mzigo. Lakini jina ya Salim itasomwa kortini kila siku, na wewe utatafuta kazi mahali hawajui baba yako. Ukimwambia haiko, namaliza, na hakuna mtu atajua. Mimi nimezeeka. Nimechoka kuchagua."

Mara ngapi umejiuliza wewe ungefanya nini? Khamisa alimwona baba yake akimkorogea rangi kwenye kikopo, akimwonyesha jinsi ya kushika brashi. Alimwona Mumbua akimmiminia uji bila kuuliza mgeni ametoka wapi. Aliogopa sasa kuliko alivyoogopa kule mtoni, kwa sababu kule kilichokuwa hatarini ni mwili tu.

"Haiko," akasema kwa sauti ya kusikika. "Sijaiona, mzee."

Ng'ambo ya geti hapakuwa na matusi, wala kishindo. Nzuki alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

"Sasa mimi nikifika Matiliku nimwambie nini?"

Musembi akaishusha miwani machoni, akauelekeza moto kwenye tundu la pili. Shaba ikaanza kuwa nyekundu. Na Khamisa, bila kupiga kelele, akaunyoosha mkono wake mtupu, akauweka juu ya bati, kati ya moto na matundu yaliyobaki.